Mita tano za barazani

Baba mdogo yuko Minneapolis, moyo wake umefika pale ambapo dawa hazitoshi tena, na madaktari wake wanafikiria kumwekea pampu, ile inayoshonwa kwenye moyo kabisa, inavuta damu kutoka chumba cha chini cha kushoto na kuisukuma kwenye mshipa mkuu, alafu waya unatokea tumboni unaenda kwenye betri anazotembea nazo. Juzi akatuma voisi kwenye grupu la familia, amepimwa kutembea, kubana kifaa kwa mkono, kuinuka kwenye kiti mara tano bila kushika popote. Shangazi wa hapa Moshi akawaka. Moyo ndo mbovu, miguu ya nini? Wanatafuta sababu ya kumnyima kwa kuwa ni mzee!

Nikampigia, shikamoo shangazi, naomba unisikilize kwanza. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia na hili jambo naliamini kwa moyo wote: wanampima ili wasimhukumu kwa miaka yake. Kuna mtu wa 75 anapanda Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani na kuna wa 55 hawezi kumaliza korido, ukiangalia tarehe ya kuzaliwa tu utamwonea mmoja wao. Na operesheni ni kubwa, mwili ulioishiwa akiba unakaa sana wodini na hatari ya kufa inapanda.

Kigumu ni kwamba vipimo vyenyewe vya udhaifu wa mwili vinavyotumika sana, vitano vilivyotolewa mwaka 2001, yaani kukonda bila kutaka, kuchoka, kupunguza shughuli, mwendo wa taratibu na mkono usio na nguvu, ukiwa na vitatu unahesabiwa dhaifu, vilitungwa kwa wazee wa kawaida wanaoishi majumbani, na moyo ukishindwa kazi unaweza kukupa vyote vitano wenyewe! Kwahiyo swali kubwa ni udhaifu huu unatoka wapi. Kama ni misuli imekosa damu, pampu ikifanya kazi, akila vizuri na akifanya mazoezi, nguvu zinaweza kurudi. Kama ni kiharusi cha zamani au mapafu, pampu haitagusa hapo. Mara nyingi vimechanganyika, ndo maana hakuna kipimo kimoja kinachotosha.

Jioni nikachukua futi ya fundi nikapima mita tano barazani kwetu, maana mzee wangu na yeye ana moyo uliotanuka, anatumia dawa. Wanaoenda kufanyiwa operesheni ya moyo, sekunde zaidi ya 6 kwa mita hizo ni mwendo wa kutia wasiwasi. Mzee alitumia 9, na alikuwa anajitahidi, nilimwona amekaza taya.

Kilichoniuma zaidi ni mkanda wake. Kila kliniki mzani unasoma kilo 71 na kwenye kadi wanaandika uzito haujabadilika, mwaka mzima, na mimi mwenyewe nilikuwa nafurahi. Alivyokaa nikaona mkanda una matundu mawili mapya, katoboa kwa msumari. Mapaja yameisha. Nikabonyeza kwenye mfupa wa mguu juu ya kifundo, kidole kikaacha shimo, nikahesabu mpaka ishirini bado lipo. Nyama imetoka, maji yakaingia, mzani haujui tofauti.

Jumatatu naenda naye kliniki, na huo mkanda atauvaa.