Kombe la Thelathini na Nne

"Mama, imekaa?"

Binti yangu aliniletea foronya jana usiku, nikiwa naosha vyombo. Ukingo wote kaufuma mwenyewe, kaanza siku shule zilipofungwa. Nikajifuta mikono, nikaipokea, nikaanza kupitisha kidole taratibu kuzunguka mdomo wa foronya. Karibu na mshono wa ubavuni kidole kikakwama. Macho yangu yalikuwa bado kwenye maua. Kombe moja la ule ukingo, mfano wa kombe la pwani, lilikuwa limebanwa katikati ya wenzake kama abiria aliyeongezwa kwenye siti iliyojaa.

Ikabidi nikae. Nilikuwa nimesharudi Magomeni kwa Bibi, mwaka 2006, mwaka wa mgao wa umeme.

Mliokuwapo mnaukumbuka ule mwaka. Mvua hazikunyesha, maji ya bwawa la umeme la Mtera yakapungua, na Dar es Salaam ikarudi kwenye mafuta ya taa. Siku moja Shangazi alifungua sanduku la Bibi akitafuta karatasi za kiwanja. Karatasi hazikuwamo. Chini kabisa tukakuta foronya mbili za kitambaa cha marekani zilizokunjwa ndani ya kanga, zinanukia naftalini. Bibi alizidarizi alipokuwa mchumba wa mtu, kabla ya harusi yake ya 1962. Ya kwanza ilikuwa kamili: maua mekundu kwenye kona, maneno LALA UNONO kwa mshono wa mnyororo, na makombe ya kufuma kuzunguka mdomo, madogo madogo kama yale ya kuokota pwani. Ya pili ilikuwa na maua na LALA. UNONO ilikuwa ya penseli, na ukingo haukuwapo.

"Harusi waliiwahisha," Bibi alisema. "Nikaingia kwa mume wangu na foronya moja na nusu."

Miaka 44 ile penseli ilikuwa inasubiri. Bibi mwenyewe asingeweza tena, mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Akaipapasa, akaikunja, akanikabidhi. "Imalize wewe, mke mwenzangu."

Nikaenda Kariakoo, nikanunua uzi mwekundu wa kudarizi na uzi mweupe wa kufumia namba 40. (Kwa nyuzi hizi namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, msije mkadanganyika dukani.) Nyumbani nikaona tatizo. Marekani ya zamani ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa kama maziwa yaliyotiwa tone la chai, na uzi wangu mpya ulikuwa unang'aa juu yake kama bandeji. Shangazi ndiye aliyejua dawa. Alichemsha chai ya rangi bila sukari, akaiacha ipoe kidogo, akautumbukiza ule uzi mweupe ukiwa umefungwa kishada, akautoa, akausuuza, akauanika kivulini. Ulipokauka ulikuwa ndugu wa kitambaa. Ule mwekundu tuliuosha peke yake mpaka maji yakatoka meupe, ili usije ukachuja.

Herufi hazikunichukua muda. Uzi wa kudarizi huja nyuzi sita zikiwa zimeshikana, unazigawa utakavyo. Mimi nilitumia tatu, kwa sababu tatu zinaufunika mstari wa penseli haraka. Kisha nikazungusha mshono wa blanketi kwenye mdomo wote, nafasi ya nusu sentimita, ili sindano ya kufumia ipate pa kushika. Halafu makombe. Usiku tatu, mbele ya chemli, macho yananiwasha.

Usiku wa tatu nikafika mwisho na mwisho haukukubali. Zilibaki nafasi mbili, wakati kombe moja linataka sita. Nikafuma kombe dogo hapo hapo, nikalibana, nikafunga fundo, nikakata uzi. Kwenye mwanga ule halikuonekana. Nikampelekea Bibi mkekani.

Alianza na maneno. Alipitisha kidole juu ya LALA, herufi moja moja, kisha UNONO. Kwenye U akasimama, akarudi kwenye A, akaja tena kwenye U.

"Umetumia nyuzi tatu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi zilikuwa mbili."

Nikangoja. Hakuongeza neno. Akageuza foronya, akashika ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kutembea nao. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mimi nilidhani anasali, kumbe anahesabu. Mafuta ya chemli yalikuwa yanakwisha na utambi umeanza kutoa moshi. Nyumba nzima tulikuwa gizani, ila kwake yeye hakuna kilichopungua. Alikwenda, alikwenda, akazunguka kona ya ubavu. Kidole kikasimama.

"Nafasi zako ni ngapi?"

"Mia mbili."

"Na kombe lako linakula ngapi?"

"Sita."

"Gawa."

Nikagawa kichwani. Thelathini na tatu, zinabaki mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na hesabu hiyo sikuipiga kabla ya kushika sindano.

"Nifumue?" akauliza.

Sikujibu. Mpaka leo sijui angefanya nini kama ningesema hapana. Alitafuta fundo kwa ukucha, akalilegeza, akapata ncha, akavuta. Makombe yalifumuka moja baada ya jingine, yanatoa kisauti kidogo kikavu, na yeye anauzungushia uzi kwenye vidole vinne, uzi umejikunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Thelathini na nne yote. Ukabaki mshono wa blanketi peke yake.

"Mahali pane, nafasi moja ifume kama mbili," alisema akinirudishia kishada. "Mbili upande huu, mbili upande wa pili, mbalimbali. Utapata thelathini na nne kamili, na hakuna atakayejua ulipoongeza."

Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, na sikumsemesha tena mpaka jioni. Niliumia kweli. Wiki iliyofuata nikaufuma upya, ukakaa, na Bibi akailalia foronya ile miaka yote mitatu aliyobakiza.

Kinachonisumbua ni herufi. Alizitambua mara moja kuwa ni nene kuliko zake, mtu yeyote anaziona hata leo, LALA nyembamba na UNONO iliyonona. Zile aliziacha. Kombe ambalo ungehitaji vidole vyake kulipata, hakuliacha. Nimewahi kufikiri ni kwa sababu herufi ni mkono wa mtu na kombe ni hesabu. Siku nyingine naona pengine alichoka tu kwenye maneno, akapata nguvu kwenye ukingo. Sikumuuliza.

Na jana binti yangu amesimama mlangoni, anangoja. Uzi wa mwisho kauacha mrefu, hajauficha. Nikaushika ile ncha, nikauachia.

"Kombe lako linakula nafasi ngapi?" nikamuuliza.

Akanitazama, akaichukua foronya, akaenda nayo chumbani. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, anapotea, anaanza tena.