Bima ya mstaafu wa Jeshi la Marekani akirudi kuishi Moshi: jinsi tulivyoipanga

Mume wangu ni mtu wa Kibosho. Alikwenda Marekani akiwa kijana kwa bahati nasibu ya viza, akaingia jeshini huko na kutumikia zaidi ya miaka 20. Anastaafu, tunaishi Texas, watoto bado wanasoma, tukakubaliana turudi nyumbani Moshi. Ndugu waliuliza habari za nyumba, gari na shule. Mimi nilikuwa nawaza matibabu. Mume wangu ana goti lililoumia kazini na sukari imeanza kupanda, na mtoto wetu mdogo ana pumu.

Najua familia kadhaa hapa na Arusha zenye mtu aliyepitia jeshi hilo, na ninapozungumza nazo nasikia mambo mawili. Wengine wanaamini bima inamfuata mstaafu yenyewe popote aendapo. Wengine wanaamini ukishapanda ndege kurudi Tanzania, imekwisha. Yote mawili si kweli.

Akiwa kazini, sisi sote tulikuwa chini ya TRICARE, bima ya jeshi lao, kwenye mpango wa Prime. Siku anastaafu, usajili ule unakoma na lazima mchague upya ndani ya siku 90. Muda huo ukipita, mnabaki na nafasi ya kutibiwa kwenye hospitali za jeshi tu pale panapokuwa na nafasi, na Moshi hatuna hospitali ya Jeshi la Marekani. Kwa mstaafu anayeishi nje ya Marekani Prime haipo. Kilichopo ni TRICARE Select Overseas, ndiyo tuliyochukua. Ada yake inakatwa kila mwezi kwenye pensheni ya mume wangu. Kwa wastaafu walioingia jeshini kabla ya mwaka 2018 ada hiyo ilianza Januari 2021, kabla ya hapo walikuwa hawalipi.

Kabla hatujaondoka Texas nilisisitiza twende wote kwenye ofisi ya vitambulisho ya kambini. Jeshi lina daftari linaloitwa DEERS, na asiyekuwa ndani ya daftari hilo hana bima, hata awe mke wa ndoa wa miaka mingapi. Tulipeleka vyeti halisi vya ndoa na vya kuzaliwa, tukabadilisha anwani, na mimi na binti yetu tukapata kadi mpya. Ukitaka kufanya kazi hiyo ukiwa tayari umefika Kilimanjaro utahangaika sana, kwa hiyo ifanyeni huko huko.

Sasa kuhusu hapa nyumbani. Bima hii haifanyi kazi kama kadi ya NHIF, kwamba unaitoa dirishani na mambo yanaendelea. Kwetu unalipa kwanza kwa fedha yako, halafu unadai urudishiwe. Kila mwaka, dola 150 za mwanzo kwa mtu mmoja, au 300 kwa familia, ni zako. Baada ya hapo bima inabeba asilimia 75 ya gharama inayoikubali na wewe asilimia 25, mpaka mfike kikomo cha mwaka ambacho kikishafikiwa wao wanabeba chote. Chukua mfano wa ankara ya shilingi 1,400,000, dola ikiwa shilingi 2,600. Unatoa 390,000 za mwanzo, zinabaki 1,010,000, na kinachorudi ni 757,500. Ni fedha nyingi kwa familia yoyote ya hapa. Lakini lazima uwe na ile 1,400,000 mkononi siku ya kutibiwa, ndiyo maana tumefungua akaunti ya matibabu peke yake, hatuigusi kwa ada wala kwa msiba.

Kinachoamua kama fedha inarudi ni karatasi. Mtoto alipolazwa kwa pumu kwenye hospitali moja ya hapa mjini, siku ya kutoka keshia alinipa risiti ya EFD imeandikwa "huduma za matibabu" na jumla chini, basi. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba ankara yenye mchanganuo." Akanijibu kwa upole, "Mama, si umeshalipa? Risiti ndiyo hiyo." Nikamweleza kwamba nahitaji kila kitu kwa mstari wake: kitanda siku ngapi, dawa gani na kiasi gani, vipimo vipi, daktari nani, tarehe ya kila huduma, na jina la ugonjwa. Alinituma kwa mhasibu, mhasibu akanituma wodini, wodini muuguzi akanambia daktari wa zamu ndiye anayesaini. Nilikaa kwenye benchi mpaka nikaipata, imepigwa muhuri. Sikuondoka bila hiyo, na nawasihi msiondoke. Kurudi baada ya mwezi kuomba mchanganuo ni kumtafuta mtu aliyehamishwa kituo na faili lililokwenda stoo.

Jambo lingine kuhusu zile risiti za EFD. Zinachapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi yake yanafifia. Ukiiacha kwenye pochi au kwenye dashibodi ya gari kwa jua la Moshi, wiki chache tu unashika kipande cheupe. Mimi nikitoka hospitali napitia stesheneri kwanza, natoa nakala, kisha naipiga picha kwa simu. Halafu najaza fomu yao, DD 2642, mgonjwa anasaini (kwa mtoto anasaini mzazi), naambatanisha ankara, risiti na cheti cha daktari, natuma. Kwa huduma za nje ya Marekani wanakupa miaka 3 ya kudai tangu siku ya matibabu. Mimi natuma wiki ile ile, kwa sababu fedha inayosubiri ni ya kwetu. Dawa mnazojinunulia duka la dawa bila cheti cha daktari msihangaike kuzidai. Na kama mna bima nyingine, iwe ya mwajiri au ya binafsi, hiyo inalipa kwanza na TRICARE inafuata. Lazima mseme kwenye fomu.

Goti la mume wangu tuliliweka kando. Idara ya maveterani ya Marekani, VA, ina mpango wake kwa wanaoishi nje, Foreign Medical Program, unaolipia maradhi yale tu iliyoyatambua kuwa yametokana na utumishi. Kwa hiyo karatasi za goti zinakwenda VA, za sukari zinakwenda TRICARE. Nina mafaili mawili ya rangi tofauti kabatini ili zisichanganyike.

Mama mkwe hayumo. Wazazi hawaingii kwenye Select, na nililieleza hilo kwa ukoo mapema ili pasiwe na lawama. Yeye na wajukuu anaoishi nao tuliwakatia CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6. Inatibu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo presha yake inaangaliwa Mawenzi. KCMC haimo, kwa kuwa ni ya kanda, na hapo inabidi watoto wake tuchange.

Rafiki wa mume wangu anayeishi Arusha amefika miaka 65, na kwake mambo yamebadilika. Ukifika umri huo unahamia TRICARE For Life, na sharti lake ni uwe na Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, sehemu A (ya kulazwa) na B (ya daktari). Sehemu B inalipiwa. Mwaka 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa dola 185 kwa mwezi. Medicare yenyewe hailipi matibabu ya Tanzania. Mzee alitaka kuiacha, akiona analipia kitu kisichomsaidia. Tulimketisha tukamwonyesha: ukiacha sehemu B unapoteza na TRICARE, na TRICARE ndiyo inayolipa kwanza huku. Akichelewa kujiunga anaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyochelewa, na nyongeza hiyo haiondoki. Akaendelea kulipa.

Mimi mwenyewe, mume wangu akitangulia, bima yangu inaendelea mradi nisiolewe tena. Pensheni yake ndiyo inayokatika, ila kama alijiunga na mpango wa warithi, SBP, ambao humpa mjane hadi asilimia 55 ya pensheni hiyo. Tulisaini huo kabla hajastaafu, na ningemshauri kila mke aulize habari hiyo mapema, waziwazi, mezani.

Kazi iliyo mbele yetu sasa ni ya binti. Mtoto wa mstaafu anatoka kwenye bima akifikisha miaka 21, isipokuwa anasoma chuo kwa muda wote na anategemea wazazi, hapo anafika 23. Tumeshaomba barua kwa msajili wa chuo chake, na tunaituma kabla hajatimiza 21. Baada ya hapo kuna TRICARE Young Adult hadi miaka 26, kwa asiyeolewa na asiye na bima ya mwajiri, ila malipo yake ya kila mwezi ni makubwa. Tunayalinganisha na bima za hapa nchini, na uamuzi tutaufanya naye akiwepo.