Gari moshi ambalo bamdogo alidhani ni ubovu wa deki

Bamdogo alikuwa na deki ya VHS wakati mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, wenye TV walihesabika. Bara hakukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo TV yake ilikuwa ni ya kanda tu. Ufundi nimeupata kwake: kufungua kifuniko, kuona kama mkanda umelegea, kufuta hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, kwa pamba na spiriti. Na kanda aliyoirudia kuliko zote ilikuwa The Godfather ya 1972, filamu ya familia ya mafia kule Marekani, nakala ya nakala, lebo yake imeandikwa kwa kalamu ya wino.

Ndani ya kanda ile kulikuwa na mahali pamoja palipomsumbua. Michael, mtoto wa mkuu wa familia ile, amekaa mgahawani na adui yao Sollozzo na kapteni wa polisi, McCluskey. Anakwenda chooni, anachukua bastola iliyofichwa, anarudi kukaa. Hapo inakuja kelele, inakua, inakwaruza, mpaka inafunika maneno. Bamdogo alikuwa akisimamisha deki, anatoa kanda, anafuta hedi, anarudisha. Kelele iko palepale. Kwa miaka yote aliamini kanda imeliwa mahali hapo.

Mwaka huu binamu yangu aliyeko Muscat ameniletea filamu zote tatu katika diski za 4K, toleo la 2022 la miaka hamsini tangu filamu ya kwanza. Diski za 4K hazifungwi kwa maeneo ya dunia kama zilivyokuwa DVD, kwa hiyo zimekubali kwenye mashine yangu bila ubishi. Nikamfuata bamdogo kwake, nikamweka kwenye kochi, nikafunga mapazia.

Kabla ya kubonyeza chochote niliishika rimoti nikaitengeneza TV, maana TV za sasa zinatoka dukani zimewekwa kwa ajili ya kuvutia macho dukani. Nikazima ule ulainishaji wa mwendo unaofanya filamu ionekane kama taarifa ya habari. Nikashusha ukali wa picha mpaka mwisho, nikazima kipunguza chenga. Wateja wangu wengi huniambia, "Fundi, picha ina chenga, nisafishie." Nawaomba watofautishe. Chenga ni ugonjwa wa mawimbi. Zile punje ndogo zinazocheza juu ya ukuta au shavu la mtu ni filamu yenyewe, ndiyo mwili wake. Ukizifuta unafuta na vinyweleo, na uzi wa koti.

Na mwanga sikuupandisha. Hapa ndipo nina maneno mengi.

Aliyepiga picha filamu hizi tatu ni Gordon Willis. Aliwasha taa juu ya kichwa cha Marlon Brando, anayecheza mzee Don Corleone, mkuu wa familia, ili macho yabaki kwenye kivuli, na alipiga kwa mwanga mchache kwa makusudi, kiasi kwamba pale penye weusi hapana kitu kilichofichwa nyuma yake. Ukipandisha mwanga wa TV huoni zaidi. Weusi unageuka kijivu na punje zinafumuka. Kwenye kanda yetu macho ya yule mzee yalikuwa mashimo mawili, na bamdogo alidhani ni mgonjwa wa macho. Usiku ule, filamu inapoanza na mtu aitwaye Bonasera anamwomba mzee haki, lenzi inarudi nyuma polepole kwa karibu dakika tatu mpaka bega la Brando linaingia, bamdogo akasogea mbele. "Kumbe anaona," akasema. "Anamtazama muda wote."

Halafu akaniuliza mbona mzee anaongea taratibu. Hakukosea. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na kanda za mfumo wa PAL huzikimbiza kwa 25. Dakika 175 zikawa 168, na sauti ya kila mtu ikapanda kidogo. Sikio la bamdogo lilikuwa limemhifadhi Don Corleone mwenye haraka na sauti nyembamba kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ilifikaje filamu kubwa namna hii kuhitaji kuokolewa? Kwa kupendwa. Negativu ya asili, yaani filamu ileile iliyopita ndani ya kamera, ilitumika kutoa nakala nyingi mno za sinema, ikachanika, ikachafuka, vipande vingine vikabadilishwa kwa nakala dhaifu. Robert A. Harris ndiye aliyesimamia ukarabati uliotoka 2008, akishauriana na Willis mwenyewe. Ule wa 2022 ulipekua maboksi zaidi ya 300 ya filamu, na saa zaidi ya 4,000 zikaenda kwenye kuondoa madoa na michubuko.

Nina toleo la 2008 kwenye Blu-ray pia, na sikuligawa. Rangi ya dhahabu humo imekolea. Uso wa kila mtu ofisini una joto la taa ya chemli. La 2022 limetulia: shati jeupe limekuwa jeupe, na arusi ya Connie, binti wa Don, bustanini ina jua la kweli. Macho yangu yanapenda la 2022. Lakini Willis alifariki 2014, na neno lake liko kwenye lile la zamani, kwa hiyo naheshimu yote mawili. Faida kubwa nimeiona kwenye filamu ya pili, ya 1974. New York ya 1917, kijana Vito, yaani Don mwenyewe ujanani, akitembea mitaani, ina rangi ya kaharabu. Michael kule Ziwa Tahoe ana baridi. Kwenye kanda nyakati zote mbili zilikuwa rangi moja ya matope, tukawa tunapotea nani ni baba na nani ni mwana. Ya tatu, ya 1990, ni safi tangu zamani na haikunipa cha kushangaa.

Tukafika mgahawani. Nikabadilisha sauti kutoka 5.1, ile ya spika nyingi za kuzunguka chumba, nikaweka mono ya asili, yaani sauti ya njia moja, ambayo toleo hili limeirudisha kwa filamu ya kwanza na ya pili. Nilitaka asikie kilekile kilichotoka kwenye spika ya sinema mwaka 1972. Muziki hakuna. Sollozzo anazungumza Kitaliano, wala hapajawekwa tafsiri. Kisha kelele ikaja, na safari hii ikaja na magurudumu, na chuma kikilia kwenye kona ya reli. Ni gari moshi linapita karibu na mgahawa, halionekani hata mara moja. Walter Murch, aliyeshughulikia sauti, aliliweka pale liwe kichwa cha Michael kinachopiga kelele kabla hajafyatua. Muziki wa Nino Rota unasubiri mpaka bastola ianguke.

Bamdogo hakusema kitu mpaka Michael alipotoka mlangoni.

"Treni," akasema.

"Ndiyo, baba. Treni."

"Na mimi nafuta hedi."

Akanyoosha mkono akachukua rimoti, akaniuliza kitufe cha kurudisha nyuma ni kipi. Tuliisikiliza mara nne.