Ile 4 Yenye Mkia wa 5

Jana nilimkuta binti yangu sakafuni na mashine yangu ya presha. Kitambaa cha mkononi kilikuwa kimemzunguka mwanasesere hadi kichwa hakionekani. Akabonyeza, mashine ikanguruma, ikaleta kosa. Akabonyeza tena, kosa. "Haitaki kusema," akaniambia. "Basi nitaandika namba yangu mwenyewe."

Nikaenda jikoni kutafuta kitu ambacho sikukijua.

Mimba yake ilinipandisha presha. Methyldopa, dawa ya kushusha presha, mara tatu kwa siku, usingizi wa mchana kutwa, na lile daftari ambalo mkunga alilipiga mistari kwa mkono wake: tarehe, asubuhi, jioni, ya juu, ya chini. Ikivuka 140 kwa 90, nimweleze. Ikigonga 160 kwa 110, nisingoje kukuche. Na kabla ya kupima nikae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo.

Haya masharti niliyapenda kupita kiasi. Yalinipa visingizio.

Wiki ya 33, saa nane usiku, kichwa kinagonga tangu magharibi na panadoli imeshindwa. Nikapima gizani: 164 kwa 108. Nikasema ni kwa sababu nimetoka chooni. Nikakaa dakika tano zangu, nikapima: 168 kwa 110. Hapo nilikuwa sijaegemea vizuri. Nikajiegemeza, nikapima: 166. Nikahamishia mkono wa pili, nikafumba macho, nikapumua taratibu kama mtu anayembembeleza mbwa mkali. 159 kwa 104.

Mia na hamsini na tisa! Haijafika 160. Niliipokea kama zawadi. Nikafungua daftari, nikaandika 159, nikaitazama, na mkono wangu huu huu ukaigeuza ile 5 kuwa 4.

Sikuwa mjinga. Dalili nilizijua kwa moyo: kichwa kisichosikia dawa, vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba. Ila nilijiaminisha kwamba namba ndiyo itakayomtoa mtoto kabla ya wakati wake, na nikiificha namba, mtoto atabaki.

Baba yake aliwasha taa. Mwanga ukapasuka vipande vipande mbele yangu, nikakwepa kama nimerushiwa kitu. Hakuniuliza. Aliichukua mashine akabonyeza kile kitufe cha pembeni ambacho mimi sikuwahi kukijali, na namba zote nne zikapita moja baada ya nyingine. Kumbe ilikuwa inaweka kumbukumbu.

"Vaa viatu," akasema.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Protini kwenye mkojo, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, dripu ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, iliyonichoma mwili mzima kama nimemezeshwa jua. Nesi akija kila mara kunigonga goti kwa nyundo ndogo, kuona kama bado linaruka. Siku ya tatu, upasuaji. Kilo 1.8, na kelele za kilo kumi. Nilidhani presha itaondoka na kondo la nyuma. Ilinisindikiza wiki kadhaa, na vidonge vyake.

Mkunga alipokuja wodini alifungua daftari, akaupeleka ukurasa dirishani. "Hii 4 ina mkia wa 5," akasema. Nilingoja anigombeze. Akalifunga, akaliweka karibu na mto wangu. Afadhali angenigombeza.

Niliporudi kutoka jikoni, mwanasesere alikuwa amepata 100 kwa 100, kwa sababu, nilivyoelezwa, hiyo ndiyo ya kupasi. Sikumsahihisha. Nikakivua kile kitambaa, nikajifunga mimi, maana siku hizi nami hupima. 138 kwa 88.

Nikahamishia mkono wa pili.