Jinsi nilivyokomesha bia yangu kuharibikia kwenye chupa

Ni muda mrefu sasa sijafungua chupa iliyoharibika. Nalisema hilo kwa fahari, kwa sababu nilifika hapa baada ya kuupa kisogo ushauri mwingi niliopewa kwa sauti ya uhakika. Bia yangu ilikuwa ikitoka salama kwenye ndoo ya kuchachushia, halafu inaharibikia kwenye chupa. Anayetengeneza bia nyumbani anajua uchungu wake: wiki nzima za kungoja, na kinachobaki ni kumwaga.

Ushauri ulioniumiza zaidi ni wa blichi. Nilipewa na mtu aliyenitangulia miaka mingi katika kazi hii. Mimina blichi bila woga, alisema, harufu ikiwa kali ndiyo vijidudu vinakufa. Loweka chupa, zisuuze mara moja, jaza. Nilifuata neno kwa neno. Siku ya kujaza nilionja bia kutoka kwenye ndoo na ilikuwa nzuri kweli, kavu kidogo, hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, zikisikika bila kutawala. Ilipofika wakati wa kufungua chupa ya kwanza, gesi ilitoka vizuri, povu likasimama, rangi iling'aa. Nikanywa. Mdomo mzima ukajaa ladha ya dawa ya kidonda, ile harufu ya plasta iliyotoka kufunguliwa, na haikutoka hata nilipokunywa maji juu yake. Nikafungua nyingine, ikawa vilevile. Nikachagua moja kutoka upande wa pili wa kreti, vilevile tena.

Nilipomrudia mshauri wangu alinijibu kwamba ni vijidudu, niongeze blichi. Hapo hasira zilinipanda, kwa sababu chupa zenyewe zilikuwa zimeshatoa jibu. Vijidudu havigawi uharibifu kwa usawa. Uchafu ukiwa ndani ya chupa, moja itageuka chachu au itafoka ukiifungua, na iliyosimama ubavuni mwake itabaki salama. Zikiharibika zote, kwa ladha ileile na kwa kiwango kilekile, tafuta kitu zilichokutana nacho zote. Zangu zote zilikutana na klorini. Klorini inayobaki kwenye kioo huungana na fenoli zilizomo ndani ya bia na kuzaa klorofenoli, ambazo ulimi huzitambua hata zikiwa sehemu chache tu katika bilioni. Kusuuza mara moja hakufui dafu hapo.

Sikatai kwamba blichi inaua vijidudu. Inaua sana, na kuna watu wanaitumia kwa kipimo kidogo na kusuuza kwa bidii. Mimi niliachana nayo, na ninamshauri anayeanza asiiguse. Yuko hata aliyeniambia niitilie siki ili ipate nguvu. Huo niliukataa palepale: blichi ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu.

Kilichobadilisha mambo ni kutenganisha kazi mbili ambazo washauri wangu wote walikuwa wakizichanganya. Kwanza chupa iwe safi, ndipo uue vijidudu. Dawa ya kuua vijidudu haipenyi kwenye utando wa mashapo ya hamira yaliyokaukia chini. Inapita juu yake, na vilivyo ndani vinabaki hai, vinangoja sukari utakayotia kwa ajili ya gesi. Kwa kuosha natumia sodiamu pakaboneti kwenye maji ya moto, ule unga unaotoa oksijeni ukilowa. Nalaza chupa humo usiku kucha. Asubuhi hata lebo zinaelea zenyewe. Sabuni ya vyombo nimeiweka kando: mabaki yake yanaua povu la bia, na kuisuuza ndani ya chupa yenye shingo nyembamba ni kazi ya kuchosha.

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia kuliko vyote, ukaguzi. Kila chupa inapita mikononi mwangu mara mbili, ikiwa imelowa na ikiwa imekauka. Ikiwa imelowa, naitikisa na maji kidogo, nayamwaga, halafu naangalia yanavyoshuka kwenye kuta za ndani. Kwenye kioo safi maji yanashuka kama pazia moja bila kukatika. Kwenye kioo chenye mafuta au utando yanapasuka, yanabaki matone matone, na mahali yalipokatikia ndipo uchafu ulipo. Kisha naiacha ikauke, kwa sababu kuna utando ambao maji huuficha kabisa. Usiku nazima taa, nawasha tochi ya simu, nasimamisha chupa juu yake. Mwanga unapanda kutoka kitako hadi mdomoni, na hata kioo cha kahawia hakifichi kitu tena. Utaona ukungu mweupe, utaona alama ya brashi isiyofika kwenye kona ya chini, na mara mojamoja utaona pete nyembamba shingoni, pale bia ilipoishia.

Pete hiyo ichukulie kwa uzito. Mara nyingi ni alama kwamba bia iliyokuwemo ilishambuliwa na bakteria au hamira za porini, na baadhi ya hamira hizo hula hata sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida imeziacha. Matokeo yake ni gesi kupita kiasi, na chupa yenye gesi kupita kiasi inaweza kupasuka na kurusha vioo. Chupa yenye pete inarudi kwenye maji ya moto na brashi. Pete isipotoka, chupa natupa.

Upande wa kuua vijidudu umekuwa mwepesi hata nashangaa tulivyokuwa tukihangaika. Natumia dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa, Star San, mililita 30 kwa lita 19 za maji. Napima kwa bomba la sindano, maana ukikadiria kwa jicho utarudi kwenye yaleyale ya blichi. Chupa ikilowa yote ndani kwa dakika moja au mbili inatosha. Lile povu linalobaki ndani linawatia watu hofu, na niliwahi kuambiwa niliondoe kwa maji ya bomba. Ukifanya hivyo umerudisha vijidudu ndani kwa mkono wako. Liache. Bia ikiingia italisukuma juu, na kidogo kitakachobaki hakibadilishi ladha. Maji yakiwa magumu, dawa hiyo hugeuka ya maziwamaziwa na asidi yake hushuka. Asidi ikishuka, kipimo chake cha pH hupanda: kikipita 3 imwage utengeneze nyingine. Mimi natumia maji yaliyotoneshwa, nayo inadumu.

Sijazi ndoo nzima kwa ajili ya chupa. Namimina kiasi cha nusu kikombe kwenye chupa ya kwanza kwa faneli, naziba mdomo kwa kidole gumba nilichokilowesha kwenye dawa hiyohiyo, naigeuza, naizungusha taratibu mpaka kila sehemu imelowa, kisha namimina kwenye chupa inayofuata. Kiasi kilekile kinazunguka mstari mzima. Nikimaliza nageuza chupa zichuruzike, na najaza zikiwa bado zimelowa.

Wapo wanaopenda iodofo, dawa ya kuua vijidudu yenye ayodini, na inafanya kazi vizuri kwa kiwango cha sehemu 12.5 za ayodini katika milioni kwa dakika mbili, ila inaacha rangi kwenye plastiki. Kuhusu kuua vijidudu kwa joto la oveni, niliambiwa niingize chupa wakati imeshapata moto. Chupa baridi kwenye oveni ya moto inapasuka, na zangu zilipasuka. Ziingize oveni ikiwa baridi, ukiwa umefunika midomo kwa foili, ipandishe polepole hadi nyuzi 170 kwa saa moja, kisha uzime na uziache humo mpaka zipoe kabisa. Hapo zimetakaswa kweli, na zinabaki hivyo mpaka uondoe foili. Mimi siifanyi mara kwa mara kwa sababu kupashwa na kupoozwa tena na tena kunachosha kioo, na hicho ndicho kioo nitakachokidai kihimili gesi. Zile za kizibo cha waya zivue mpira kwanza. Chini ya mpira huo ndimo uchafu unamokaa.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: bomba la ndoo ya kujazia. Lifungue lote, vipande kwa vipande. Nililifungua langu siku moja nikakuta uji wa kahawia umeganda nyuma ya kiungo, mahali ambapo kila tone la bia lilikuwa likipita kabla ya kuingia kwenye chupa niliyoikagua kwa tochi. Tangu hapo bomba naliloweka pamoja na chupa, na linalowa dawa muda uleule. Vifuniko vinaingia kwenye dawa dakika za mwisho tu, hasa vile vinavyofyonza oksijeni, kwa kuwa vinaanza kazi vikishalowa.

Na wanaokunywa bia yangu wanalijua sharti langu: ukimaliza kumimina, suuza chupa palepale kwa maji ya moto mara tatu na uigeuze. Mashapo mabichi yanatoka kwa sekunde chache. Yakishakauka, ndipo tunahitaji usiku mzima wa kuloweka.