Nilivyoizoea lugha ya wazee wa Yorkshire

Nilipoanza kuhudumia wazee katika makao yao huko Barnsley, mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, maneno nisiyowahi kuyasikia hayakunisumbua sana. Mtu akisema "laik", unajua kwamba hujui. Unauliza, unaambiwa ni kucheza. Yaliyonitesa ni yale niliyodhani nayafahamu tangu shule.

Kwa mfano "while". Kule zamu ya "nine while five" ni ya saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Mzee akisema yu "starved" huenda anasikia baridi. Anataka blanketi nawe wamletea mkate. "Dinner" ni chakula cha mchana, "tea" ni cha jioni. Na "spice" ni peremende, jambo la kuangaliwa sana ukiwa na mgonjwa wa kisukari.

Nikanunua daftari. Neno, maana yake, na mji alikotoka msemaji. Hiyo safu ya tatu ndiyo iliyoniokoa. Skonzi ya kawaida Barnsley ni "breadcake", ukivuka milima hadi Manchester ni "barm". Kichochoro ni "ginnel" au "snicket", lakini mtu wa Hull atakutajia "tenfoot". "Canny" kinywani mwa mtu wa Newcastle ni sifa ya wema. Kwa Mskoti ni mjanja asiyechezea senti yake. Kila mzee aliapa kuwa la kwao ndilo sahihi, nami sikuamua kesi. Mimi ni mtu wa Mvita: kwetu "ndoo" ni kumwita mtu aje, wengine wakaleta chombo cha maji.

Zamu za usiku nilisoma. Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, waliuteka mji wa York mwaka 866, na "laik" ni urithi wao, kama ilivyo "gate" ya Coppergate, mtaa wa York, ambayo maana yake ni njia wala hakuna lango. Nilimpenda zaidi Joseph Wright, mtoto wa kiwanda aliyejifunza kusoma akiwa na miaka kama 15, akaja kuwa profesa Oxford na kutoa kamusi ya lahaja za Kiingereza, mabuku sita, kati ya 1898 na 1905.

Siku hizi nauliza wazi: "Ni baridi au njaa?" Wafanyakazi wapya wakiliomba daftari, nawapa kwanza ukurasa wa "while" na "starved". Ya skonzi watagombezwa nayo mezani.