Vidole vya mtoto wa Pongwe
Leo asubuhi wodini, hapa Tanga, nilikuwa na wanafunzi wangu wa udaktari. Mtoto wa miaka 8 kaanguka mwembeni huko Pongwe, mkono ukavunjika, jana kafungwa hogo. Usiku kucha kalia. Wanafunzi wakataka aongezewe dawa ya maumivu. Nikawaambia, kwanza mnyoosheni vidole, taratibu. Akapiga ukelele!

Mama yake akasema: "Daktari, toka alfajiri analalamika ganzi."

Tukalipasua hogo lote palepale, na pamba yake, mpaka ngozi. Mkono ukivimba ndani ya hogo, hubanwa na damu isifike kwenye misuli; maumivu makali vidole vikinyooshwa, na ganzi, ndizo dalili zake. Misuli ikikosa damu, ndani ya saa 6 hivi huanza kufa, na mapigo kwenye kifundo cha mkono yanaweza kuwepo bado. Hilo ndilo huwapotosha madaktari wengi.

Nusu saa baadaye alikuwa usingizini, vidole vina joto, mwanafunzi mmoja bado kavishika.